Maji Yanaenda Wapi? Kuosha Madirisha ya Ghorofa kwa Tangi la Mgongoni Bila Kumwaga Faida

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja alikuja na swali ambalo hatujalizoea. Kwa kawaida watu hutuuliza kuhusu PIN waliyosahau au pesa waliyotuma kwa nambari isiyo sahihi. Huyu alifungua taarifa yake ya miamala kwenye simu, akaishusha kwa kidole, akasema: "Mabosi, nionyesheni pesa yangu inapotelea wapi. Kazi napata. Wateja wanalipa. Lakini kila Jumamosi salio ni lile lile."

Anaosha madirisha ya fleti, huko Eastlands jijini Nairobi. Hatumii ngazi. Anasimama chini, amebeba tangi la lita 20 mgongoni kama lile la kunyunyizia kahawa dawa, ila hili lina pampu ndogo ya betri badala ya mkono wa kupiga. Maji yanapanda kwa mpira mwembamba kwenye fimbo ndefu inayorefushwa kipande kwa kipande, kisha yanatokea juu kwenye brashi kupitia nozeli mbili. Anasugua, anasuuza, anahamia dirisha lingine. Hapangusi na kitambaa. Kioo kinakauka chenyewe kikiwa safi.

Vifaa alivinunua kwa mkopo wa chama, na anaulipa Sh1,000 kila wiki. Tulikaa naye tukapitia taarifa yake mstari kwa mstari, tukiwekea alama kila malipo aliyomfanyia muuza maji. Kwa mwezi ule alikuwa amefanya kazi sita na kununua mitungi 132 ya lita 20. Wastani wa bei ulikuwa Sh30 kwa mtungi. Jumla: Sh3,960.

Mkopo wa chama kwa wiki nne ni Sh4,000. Yaani maji yalikuwa yamegeuka mkopo wa pili, na huu hauna siku ya kuisha.

Tukamwuliza kama bei anayowatajia wateja ina maji ndani yake. Akacheka. "Maji nayo unayawekea bei? Si maji ni maji."

Hapo ndipo tulipoamua kumfuata kazini. Sisi ni watu wa malipo, si mafundi wa vioo, na tulijifunza mengi ambayo hatukuyajua. Tunayaandika hapa kwa sababu wateja wetu wengi wanaingia kwenye kazi za usafi, na kwa sababu mambo mengi tuliyoyaona yanamhusu pia mwenye kuosha magari, mwenye saluni na mama wa kufua: mtu yeyote ambaye maji ni mtaji wake ila hayahesabu.

Kwanza, kwa nini kioo kinakauka bila alama

Chukua maji ya kawaida, yamwage kwenye kioo, yaache yakauke juani. Utaona madoa meupe. Hiyo si takataka. Ni chumvichumvi zilizokuwa zimeyeyuka ndani ya maji: maji yamepanda hewani, chumvi imebaki. Maji yenye miligramu 400 za chumvichumvi kwa lita yakikauka yote, yanaacha miligramu hizo 400 pale pale kwenye kioo. Hayana mahali pengine pa kuzipeleka.

Maji ya tangi la mgongoni yanachujwa hadi yanakaribia sifuri. Yakikauka hayaachi kitu, na ndiyo maana hayahitaji kupanguswa. Kuna kidude kidogo kama kalamu kinachopima chumvi hizo: unakitumbukiza, kinakuonyesha namba. Mafundi wengi hawataki kuona zaidi ya 10. Ikipita hapo, kioo huanza kuonyesha alama, hasa kikiwa cheusi.

Sasa, maji ya Nairobi si ya aina moja. Sehemu kubwa ya maji ya mfereji hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, maji ya milima ya Aberdare, na huwa mepesi. Maji ya kisima kirefu ni kitu kingine. Yanaweza kuwa na mamia ya miligramu kwa lita. Na tangu mgao ulipoanza Januari 2017, fleti nyingi huishi kwa maji mchanganyiko: ya kaunti siku yanapokuja, ya kisima siku hayapo, yote ndani ya tangi moja juu ya paa. Tulipima kwenye ploti mbili siku moja. Moja ilisoma 160, nyingine 540. Kwa macho yalikuwa sawa kabisa.

Tofauti hiyo ina bei. Anayetumia resini, yaani zile punje kama ulezi zinazoshika chumvi, atazibadilisha mara tatu na zaidi haraka kwa maji ya 540 kuliko ya 160. Resini haimwagi maji, lakini inashiba, na ikishiba unanunua nyingine. Anayetumia mashine inayosukuma maji kwa nguvu kwenye utando mwembamba sana, kama zile za maduka ya maji ya kujazia, hupata maji safi upande mmoja, na upande wa pili hutoka maji yaliyobeba chumvi zote. Hayo ya upande wa pili ndiyo yaliyotuletea habari hii.

Mpira mweusi unaoelekea mtaroni

Mteja wetu huchuja maji nyumbani jioni ya kabla ya kazi. Ana pipa la lita 200, pampu na mashine ndogo ya utando. Mkokoteni unaleta mitungi, anaimwaga ndani ya pipa, anawasha. Mpira mweupe unajaza mitungi yake safi. Mpira mweusi unatoka chini ya meza, unapita mlangoni, unaingia mtaroni.

Tukamwuliza huo mweusi una nini. "Ni uchafu wa mashine," akasema.

Tukauweka ndani ya ndoo, na mweupe ndani ya ndoo nyingine, tukahesabu dakika. Kwa kila lita moja safi, lita mbili zilikuwa zinaenda mtaroni. Uwiano huu hutofautiana: mashine nzuri yenye msukumo wa kutosha inaweza kumwaga moja kwa moja, mbovu au yenye utando uliozeeka inamwaga zaidi. Yake ilikuwa mbili kwa moja. Theluthi mbili ya maji aliyokuwa akilipia hayakuwahi kukiona kioo.

Tukapima yale ya mtaroni kwa kidude. Mashine ilikuwa imelishwa maji ya 160, kwa hiyo tulitarajia kitu kama 240, na ndivyo ilivyokuwa, karibu. Tafakari kidogo: maji ya "uchafu" yalikuwa mepesi kuliko maji ya tangi la ile ploti nyingine, ambayo watu wanaoga na kufulia kila siku! Hayana sabuni wala kinyesi. Yamezidiwa tu na chumvi kidogo. Yanapiga deki, yanafua, yanasukuma choo.

Na ploti anayoishi ina familia kumi na mbili, kila moja ikinunua mitungi ya choo kwa Sh30 ile ile siku za mgao.

Hatukumwambia auze maji. Hilo lina mambo yake ya leseni na usafi wa vyombo. Tulimwambia tu aweke pipa la pili. Landilodi alikubali siku hiyo hiyo liwekwe karibu na vyoo, na kwa kubadilishana akaacha kumlipisha stima ya pampu. Wakati mwingine kuokoa maji hakupunguzi mitungi unayonunua, kunapunguza bili nyingine ambayo hukuiona. Kama mashine yako inalishwa maji ya kisima kizito, ya mpira mweusi yatakuwa mazito zaidi, na hayo usiyamwagilie mboga kila siku. Udongo unashika chumvi. Choo na deki havina neno.

Koki iliyo wazi

Alhamisi tukaenda naye kazini. Fleti ya ghorofa nne, madirisha 48 ya kuteleza, vumbi la udongo mweusi wa Embakasi limeganda kwenye fremu. Alikuwa amebeba mitungi minane ya maji safi, na alisema yote huisha.

Kabla hajaanza tulimwomba ashike brashi juu ya jagi la lita moja. Lilijaa kwa sekunde 40. Hiyo ni lita moja na nusu kwa dakika, kiasi cha kawaida kwa vifaa hivi, na ukilinganisha na mpira wa kuoshea gari ni kidogo sana. Kumbe vifaa havikuwa na tatizo.

Kisha tukamtazama akiosha bila kumsumbua, mmoja wetu akishika saa. Sekunde 20 za kulowesha. Sekunde 40 za kusugua. Sekunde 20 za kusuuza. Halafu sekunde 40 za kutembea, kuinua mpira ulionaswa kwenye ua, kumsalimia mtoto, kuielekeza fimbo kwenye dirisha linalofuata. Jumla dakika mbili, na muda wote huo maji yalikuwa yanatoka. Lita tatu kwa dirisha. Mara 48 ni lita 144. Mitungi saba, na ya nane ikiguswa kidogo tu.

Koki iko pale mkononi, kwenye mguu wa fimbo. Aliizoea kuwa wazi kwa sababu mtu aliyemfundisha alifanya hivyo, na yule wa kwanza alifundishwa mahali ambapo maji hutoka mferejini usiku na mchana.

Baada ya chai tulimwomba upande wa nyuma aufanye hivi: koki ifungwe kila anapohama, na wakati wa kusugua pampu ishushwe hadi nusu. Kulowesha kunabaki vile vile. Kusuuza kunabaki vile vile. Hesabu ikawa nusu lita ya kulowesha, nusu ya kusugua, nusu ya kusuuza. Lita moja na nusu kwa dirisha. Kwa jengo zima ni lita 72, mitungi minne.

Lakini kumbuka ule mpira mweusi. Lita moja kwenye brashi ni lita tatu kutoka kwa mkokoteni. Lita 144 za juu zilikuwa lita 432 za kununuliwa, yaani mitungi 22. Lita 72 ni lita 216, mitungi 11. Kwa Sh30 ni tofauti ya Sh330 kwa kazi moja. Siku za mgao mkali mtungi ukifika Sh50, ni Sh550. Yote hayo ni kidole kwenye koki.

Kuna mambo mengine tuliyoyaona siku ile ambayo hatukuweza kuyapimia saa, lakini yeye mwenyewe aliyakubali. Utando wa buibui na vumbi kavu ukiutoa kwanza kwa brashi kavu, maji hayatumiki kugeuza vumbi kuwa tope. Ukianza juu ukashuka, maji yanayotiririka kutoka ghorofa ya tatu yanalowesha dirisha la ghorofa ya pili bure. Ukianza chini, unaosha dirisha mara mbili. Upande wa jua kali uache hadi kivuli kifike, kwa sababu kioo cha moto kinakausha povu la vumbi kabla hujasuuza, na utalowesha tena. Na ile tabia ya kumwaga maji yaliyobaki ndani ya mpira kila unapohama haina maana yoyote: mpira wa milimita 6 wenye urefu wa mita 10 unabeba zaidi ya robo lita. Ukiumwaga mara 48 umemwaga zaidi ya lita 13 kwa kuogopa hewa ambayo haipo.

Tuliona pia tangi halihitaji kujazwa pomoni. Lita 20 ni kilo 20, ukiongeza betri na tangi lenyewe, na mtu aliyechoka hafungi koki. Alipobeba nusu tangi alirudi kujaza mara nyingi zaidi lakini aliosha kwa utulivu. Wewe mwenyewe utajua mgongo wako.

Usiibanie suuza

Hapa tuseme wazi, maana tunajua msomaji mwenye haraka ataruka hadi kwenye hesabu na kuondoka na wazo baya. Maji ya kusuuza si ya kupunguzwa. Uchafu uliolegezwa na brashi ukibaki kwenye fremu ya juu utashuka baada ya dakika kumi, wewe ukiwa umeshahama, na kuacha mistari. Mteja ataona Ijumaa jua likipiga. Atapiga simu. Utarudi na boda, na maji, na aibu, na pesa hakuna. Mwezi ule wa taarifa mbili kati ya nauli alizolipa zilikuwa za kurudia kazi, na zote mbili ni siku ambazo maji yalikaribia kuisha akabana mwisho.

Kwa hiyo okoa kwenye kutembea, okoa kwenye kusugua, okoa nyumbani kwenye mpira mweusi. Dirisha likifika kwenye suuza, lipe haki yake.

Na si kila dirisha ni la fimbo. Sisi tulishangaa, lakini ukweli ni kwamba kwa dirisha la chini unalolifikia kwa mkono, ndoo moja, kitambaa na kile kipangusio cha mpira hutumia maji machache kuliko tangi la mgongoni, na maji yenyewe yanaweza kuwa ya mfereji kwa sababu unayavuta yote. Duka la vioo kumi barabarani linaisha kwa nusu ndoo. Fimbo inajilipa kuanzia ghorofa ya kwanza kwenda juu, ambako njia nyingine ni ngazi, na ngazi ikiteleza hakuna hesabu ya mitungi tena. Madirisha ya luva na yale ya chuma yenye simiti iliyokatika usiyapige maji mengi. Yataingia ndani, kama yanavyoingia kwenye tundu za hewa zilizo juu ya madirisha yetu mengi, na utalipa godoro la mtu.

Na nyaya za stima. Mitaa yetu mingi nyaya zinapita karibu na roshani kiasi cha kuanikia nguo. Fimbo ndefu, iliyolowa, mikononi mwa mtu aliyesimama kwenye maji: kama waya uko karibu, hilo dirisha liache. Fimbo za kaboni hupitisha umeme, na hata ile ya faiba ikilowa usiiamini. Mwambie mwenye nyumba, punguza bei ya dirisha hilo, nenda zako mzima.

Maji ya kupata kwa njia nyingine

Kuna maduka ya maji ya kujazia karibu kila mtaa siku hizi. Tulipima la jirani yake: 38. Maji mazuri ya kunywa, ila kwa kioo bado yangeacha alama hafifu. Duka lile linauza Sh5 kwa lita ukijaza mtungi mkubwa. Kwa lita 72 ni Sh360, na ukiyapitisha kwenye resini kidogo yanashuka hadi chini ya 10, na resini itadumu sana kwa sababu kazi iliyobaki ni ndogo. Linganisha na mitungi 11 ya mkokoteni kwa Sh330, pamoja na stima, pamoja na utando wa kubadilisha. Zinakaribiana! Kwa anayeanza bila mtaji wa mashine, hilo ni jambo la kufikiria. Kwa lita 144 hesabu ingekuwa Sh720 na isingemfaa mtu. Ni koki ile ile iliyofungua mlango huu. (Ndiyo, na duka lile lina mpira mweusi wake. Uliza wanaupeleka wapi.)

Mvua nayo. Maji ya mvua hayana chumvi nyingi kwa sababu yamepanda hewani yakaiacha nyuma, hadithi ile ile ya kioo lakini kinyume. Paa la mabati likishaoshwa na mvua ya dakika za kwanza, yanayofuata yakichujwa takataka ni chakula kizuri cha resini. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba ni miezi ya kuwa na pipa la ziada. Ni kweli pia kwamba miezi hiyo watu hawaiti muosha madirisha. Wanasubiri mvua iishe. Pipa lako nalo linasubiri.

Wasomaji wetu wa Mombasa na Kilifi wana shida ya pande mbili: upepo wa bahari unapaka madirisha chumvi, na visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya magadi. Huko usijaribu kulisha mashine maji ya kisima kabla hujayapima. Kidude cha kupimia kitajilipa wiki ya kwanza.

Simu yako ndiyo mita

Turudi kwenye kazi yetu. Huyu mteja hakuwa na mita ya maji, wala daftari. Alikuwa na kitu kimoja tu kilichokumbuka kila mtungi: jumbe za malipo. Lakini zilikuwa zimechanganyika na unga, nauli, na kifurushi cha mtoto, na nusu ya mitungi aliilipa taslimu alipokuwa na sarafu mfukoni, kwa hiyo hata ile Sh3,960 tuliipata kwa kumwuliza na kukumbushana.

Alichofanya ni kuanza kulipia maji ya kazi kwa simu tu, kutoka laini moja ya biashara, kwa nambari ya till ya muuza maji badala ya nambari yake ya kibinafsi, na mara moja kwa safari nzima ya mkokoteni badala ya mtungi kwa mtungi. Soma ada kwenye menyu kabla ya kutuma. Kutuma kidogo kidogo mara kumi kunaweza kugharimu kuliko kutuma mara moja, kulingana na aina ya malipo. Jioni ya kazi anafungua taarifa, anajumlisha malipo ya maji ya kazi hiyo, anagawanya kwa idadi ya madirisha. Ni mstari mmoja. Ikipanda ghafla, ama bei ya mtungi imepanda, ama koki imeachwa wazi, ama utando wa mashine umechoka. Mara ya kwanza ilikuwa Sh13.75 kwa dirisha. Anatoza Sh100.

Kwa mteja wa kazi naye, mazungumzo yabadilike. Mwulize siku ya mgao wa mtaa wake kabla ya kutaja bei. Andika kwenye ujumbe, hata kama ni mstari mmoja: bei hii ina maji yangu, au maji ni ya jengo. Ukiomba malipo ya awali, yatoshe angalau mitungi na nauli, ili mteja akiahirisha usiwe wewe uliyelipia maji yanayozeeka kwenye mitungi.

Na jambo la mwisho ambalo tunalisema kila mara, lakini kwa kazi hii lina sura yake. Mikono yako imelowa, tangi liko mgongoni, fimbo iko juu mita nane. Simu inalia: "Boss, nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie haraka mtoto yuko hospitali." Ujumbe kweli umeingia. Usirudishe ukiwa umeshika fimbo. Shusha, kausha mikono, angalia salio lako mwenyewe, si ujumbe. Ujumbe wa uongo hufanana na wa kweli kabisa, salio halidanganyi. Kama pesa ipo kweli, mwambie apige simu kwa huduma kwa wateja airejeshe kwa utaratibu. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN, hata akijua jina lako lote. Na muuza maji akikuambia ujumbe wako haujafika kwake, usikasirike: yuko sahihi kungoja simu yake mwenyewe, maana wako wanaomwonyesha jumbe za kutengeneza wakaondoka na mkokoteni mzima. Hakiki jina linalojitokeza kabla ya kuweka PIN, nyote wawili muwe na amani.

Wiki mbili baadaye alitutumia picha ya taarifa yake. Fleti nyingine, madirisha 48 tena. Malipo ya maji yalikuwa mawili, Sh300 na Sh30. Tukamwuliza hiyo Sh30 peke yake ilikuwa ya nini.

"Mkokoteni wa jamaa hubeba kumi," akajibu. "Wa kumi na moja nilibeba begani."